Mtihani Tuliofaulu Kila Jioni

Wanajumuiya, baba zangu na mama zangu, nawasalimu kwa upendo wa Bwana. Mwenyekiti ameniweka hapa mlangoni ili walioko nje nao wasikie, kwa hiyo nikipandisha sauti msidhani nagomba. Ndiyo sauti yetu watu wa Bugwema, tunaongea na mtu aliye shamba la pili.

Najua mnachosubiri. Mmezoea mtu akisimama kushuhudia, anakuwa ameshapona, au kazi ameshapata, au mtoto ameshazaliwa. Mimi sijapata kitu. Nimefanya mtihani wa leseni ya uuguzi kwa mara ya tatu, na majibu hayajatoka. Yanaweza kutoka wiki hii, yanaweza kutoka wiki ijayo. Nimeomba kusimama leo makusudi, kabla sijayajua. Nikifaulu, nitayasema haya kwa majivuno. Nikifeli, nitajifungia ndani na sitayasema kabisa. Kwa hiyo nisikilizeni leo, bado niko katikati.

Sitataja jina la mtu. Mama yangu mzazi mnamwona pale, mwenye kitenge cha kijani, yeye hana pa kujificha. Wengine tuwaache na heshima zao.

Mimi nilisomea uuguzi wa afya ya akili. Yaani wale wagonjwa ambao mtu akiwaona anavuka barabara, mimi ndio niliowachagua. Kaka zangu walinitania sana, wakaniita Nesi wa Vichwa. Nilipomaliza chuo, baba akachinja mbuzi. Ndugu zangu, nawaambia, habari yangu yote inaanza na mbuzi huyo. Kijijini kwetu mtoto akimaliza chuo, amemaliza. Nani anajua kwamba baada ya mtihani wa chuo kuna mtihani mwingine wa leseni, na kwamba bila huo wewe si nesi, hata cheti ukitundike ukutani? Nilimwambia, "Baba, tungoje kwanza." Akasema, "Tungoje nini? Si umemaliza?" Watu wakala, wakacheza, na jua lilipozama Bugwema nzima ilikuwa inaniita Nesi.

Kwenye sherehe ile alikuja rafiki yangu, binti wa Butiama. Tulisoma darasa moja na kulala chumba kimoja tangu mwaka wa kwanza. Huyo binti alikuwa na kicheko, jamani! Akicheka bwenini, mpishi jikoni anajua. Alicheza na mama yangu mpaka kilemba cha mama kikadondoka. Mama, unakumbuka? Haya, anakumbuka.

Tukafanya mtihani, tukaanza kusubiri. Huwezi kukaa bure, kwa hiyo mimi nikaenda kujitolea kwenye kliniki moja Bunda, yeye akapata pa kujitolea hapa Musoma, akapanga chumba. Majibu yakatoka. Tumefeli wote wawili.

Mtu akifeli mtihani wa shule anarudi shule. Sisi tulirudi kazini asubuhi yake, tukakaa na wagonjwa wale wale, ila sasa unajua huruhusiwi kuwashika. Sindano sichomi. Dawa sitoi. Kwenye faili sisaini. Nikawa mtu wa kupanga mabenchi na kuita majina. Kuna mama mmoja wa Guta, alikuwa anamleta binti yake kila mwezi kwa sindano. Akaniambia, "Nesi, leo mchome wewe, unaonekana una mkono mwepesi." Nikamwambia leo si zamu yangu. Mwezi uliofuata akaomba tena, nikamjibu vile vile. Akaniangalia tu, hakuomba tena.

Kazi moja waliniachia, ya kuuliza maswali. Kila anayekuja anaulizwa. Unalala? Unakula? Vitu ulivyovipenda, bado unavipenda? Kuna wakati unaona bora usingekuwepo? Unauliza, unaweka alama, mwisho unajumlisha, na hiyo jumla ndiyo inasema huyu aende nyumbani au huyu aende kwa daktari. Niliyauliza mpaka nikayajua kama Baba Yetu. Na nilijua kitu ambacho mgonjwa hakijui: kila jibu lina alama ngapi.

Mkuu wetu pale alikuwa mama mtu mzima, Mjita kama mimi, wa vijiji vya ziwani. Tulimwita Sista, ingawa watoto anao na wajukuu anao, msije mkadhani ni mtawa. Sista alikuwaga na tabia moja. Wakija wazee, hasa akina bibi, anawauliza kwa Kiswahili kama karatasi inavyotaka, anaandika, halafu anafunga kalamu na kuanza upya kwa Kijita. Akija Mkurya au Mwikizu, anamtafuta mtu wa kwao amuulize. Mimi nilikuwa nakasirika. Foleni imefika nje, Sista amekaa anapiga stori za kijijini! Nilidhani anafanya hivyo kwa sababu bibi hawajui Kiswahili. Wanajua sana. Si ndio hao wanaotuuzia dagaa sokoni na kutupunja?

Nikajiandaa kurudia mtihani. Nikaacha kwenda Bugwema, maana kule mimi ni Nesi. Mtu akiwa na mgonjwa anamwendea baba: "Hebu mpigie binti yako, huyu mtoto siku hizi haongei." Baba ananipigia na fahari zake zote, spika amefungulia, nasikia watu wamemzunguka. Mimi namjibu kinesi. Nikikata simu, nalia. Krismasi nikasema niko zamu. Pasaka nikasema niko zamu. Zamu ya nani, jamani? Mtu hana leseni, ana zamu gani?

Nikafeli tena. Na yule wa Butiama tena.

Sasa hapa naomba mnivumilie, maana hapa ndipo penye kidonda. Sisi wawili tulipigiana simu kila jioni. Na kwa kuwa ni watu wa fani, tulikuwa tunaulizanaga yale maswali. Tulianza kwa utani. Ananipigia, anaweka sauti ya kliniki, anasema, "Karibu ukae, mteja. Je, unalala?"

"Nalala, daktari."

"Unakula?"

"Nakula mpaka mwenye nyumba ananisema."

Tunacheka. Halafu zamu yangu. Nikifika lile swali la mwisho, kama anaona bora asingekuwepo, ananijibu, "Sasa nikiondoka mimi, wewe utamsumbua nani?" Tunacheka tena, na kile kicheko chake mnakijua sasa. Tukimaliza, kila mmoja anamwambia mwenzake, "Umefaulu."

Ndugu zangu, huo ndio mtihani pekee tuliokuwa tunafaulu. Kila jioni tunafaulu. Na wote wawili tulikuwa hatulali. Wote wawili chakula kilikuwa hakipiti. Mtu wa kawaida akificha, anajikanyaga, utamgundua. Sisi tulikuwa tumesomea. Tulijua useme nini na useme kwa sauti gani. Na tulidhani tunatunzana, hicho ndicho kinachoniuma, tulidhani kabisa kwamba tunatunzana.

Jioni moja nikapiga, simu haikupokelewa. Asubuhi akanipigia kaka yake. Rafiki yangu alikuwa amejiua.

Sitasema ilikuwaje, na msiniulize nikitoka nje. Alikuwa peke yake chumbani kwake, hapa hapa mjini kwetu, na siku moja kabla nilikuwa nimemwambia, "Umefaulu."

Nikaenda Butiama kuzika. Watu walikuwa wananong'ona kwamba padri hatakuja. Alikuja. Akasali, akamwombea, hakumsema vibaya hata kwa neno moja, Mungu ambariki. Mama mzazi wa binti alikaa pembeni ya jeneza anaongea nalo kwa Kizanaki, polepole, hanyamazi, kama vile anamwelekeza mtoto njia. Mimi Kizanaki sikijui. Sikuelewa hata neno moja, nililia tu. Baada ya maziko akanishika mkono, akaniuliza kwa Kiswahili, "Mwanangu, wewe ndiye uliyekuwa unaongea naye kila siku. Alikwambia nini?"

Nikamjibu, "Mama, aliniambia yuko salama."

Akatikisa kichwa. "Na mimi aliniambia hivyo hivyo. Ila mimi sikusomea."

Hakusema kwa ubaya. Yule mama hana ubaya hata chembe, alikuwa anasema tu lililo kweli. Lakini lilinichoma, na leo hii nikilitamka hapa linanichoma.

Halafu msalaba. Walikuwa wameandika jina lake kwa rangi nyeusi, na chini ya jina wakaandika NESI. Hakuna aliyeuliza leseni. Nilisimama pale nikausoma, nikausoma tena, mpaka kaka yake akaja kunitoa. Neno lile tulikuwa tunalihangaikia wote wawili, mwenzangu akaja kulipata juu ya kaburi.

Basi, nikarudi Bunda. Kazini nilikwenda, majina niliita. Chakula kilikataa kabisa. Mimi ambaye kichwa cha samaki sato nimegombania na kaka zangu tangu utoto, nilikuwa nikiona sahani naisukuma pembeni. Nikaanza kupanga mambo yangu kimyakimya. Mambo gani, watu wazima mmeshaelewa. Mama, vumilia, karibu nitapita hapo.

Siku moja Sista akaniita chumbani kwake. Akasema, "Umefiwa, lazima nikuulize kama ninavyowauliza wengine." Akachukua karatasi ile ile. Mtaamini kwamba moyoni nilifurahi? Nilijisemea, huu ninaujua. Na sikujibu kijinga. Ukikataa kila kitu mtu anashtuka, hasa umetoka msibani. Kwa hiyo nikampunguzia usingizi kidogo: "Siku mbili tatu sijalala vizuri, Sista, si unajua tena msiba." Nikampunguzia na chakula kidogo. Lile swali la kufa nikalijibu namtazama machoni, sikuharakisha wala sikuchelewa. "Hapana, Sista." Akajumlisha. Jumla ikatoka nzuri, ya mtu wa kwenda nyumbani.

Akafunga kalamu. Nikainuka.

"Kaa," akasema. Halafu akaniuliza kwa Kijita.

Aliniuliza lile la kwanza tu, kama nalala. Aliuliza vile vile bibi yangu alivyokuwaga ananiuliza asubuhi, nikiwa mdogo nina homa, ameniwekea kiganja shingoni.

Nilifungua mdomo, jibu halikuwepo. Kwa Kiswahili nilikuwa nalo. Kwa Kiingereza cha chuo nilikuwa nalo. Kwa Kijita sikuwahi kufundishwa namna ya kumdanganya nesi. Kwa Kijita mimi ni mtoto wa huyu mama wa kitenge cha kijani, na mtoto akiulizwa kama amelala, anasema amelala au anasema hajalala. Nikasema sijalala. Nikasema sijalala tangu mbuzi achinjwe. Baada ya hapo yakatoka yote, machozi na kamasi, mpaka na lile nililokuwa nalipanga. Sista hakuandika kitu. Alifunga mlango, akaja kukaa upande wangu, akaniambia kwa Kijita, "Leo huendi kulala peke yako."

Ndipo nikawakumbuka wale bibi wote niliowaona wanachelewesha foleni.

Akanipeleka kwa daktari. Nikakaa kwenye benchi lile lile ninalolipangaga mimi, jina langu likaitwa na mwenzangu. Yule mama wa Guta alikuwepo na binti yake. Akasogea, akanipisha nafasi, akasema, "Pole, nesi." Hakuuliza zaidi. Nikaanzishiwa dawa, na bado nameza. Nyie mnaoangaliana kule nyuma, nimewaona! Ni dawa kama zile za presha, na wenye presha humu ndani mko wengi tu.

Sista mwenyewe alinisindikiza mpaka Bugwema. Mama yangu akanilaza kitandani kwake kama mtoto mchanga. Muda wote ule niliokaa nyumbani mkono wake ulikuwa juu yangu, nikigeuka tu, ameamka. Mama, asante. Hujawahi kuniuliza kwa nini, asante kwa hilo pia.

Baba nilimwogopa. Nilimkuta nyuma ya nyumba ananoa panga. Nikamwambia, "Baba, mimi si nesi. Nilifeli mtihani wa leseni. Nikarudia, nikafeli tena. Na mbuzi mlishamla." Baba yangu si mtu wa maneno. Akaendelea kunoa. Nikadhani hajasikia, nikataka kurudia. Akasema, "Mbuzi yule sikumchinjia karatasi. Nilimchinja kwa sababu ulikuwa umerudi nyumbani."

Jamani, hilo neno lilikuwepo siku zote. Lilikuwa mdomoni mwa baba, mimi niko Bunda najisingizia zamu. Na nawaza, pengine kule Butiama nako kulikuwa na neno kama hilo linamsubiri mwenzangu, na hakulifikia. Hilo ndilo linaloniamsha. Dawa imenirudishia usingizi, lakini hilo haikuliondoa, na daktari ameniambia halitaondoka, nitazoea tu kukaa nalo.

Msinielewe vibaya. Sisemi mtihani ufutwe. Mgonjwa wa akili ana haki ya kuhudumiwa na mtu aliyepimwa akaonekana anafaa, na mwanangu akiugua nitataka hivyo hivyo. Ninachosema ni kwamba tulipimwa tunajua nini, na hakuna aliyetuuliza tuna hali gani. Na sisi wenyewe, kwa ujinga wetu wa wasomi, tulidhani kwa kuwa tunajua jina la ugonjwa, basi ugonjwa utatuogopa.

Nilipopata nguvu nikahamia hapa Kigera kwa shangazi, na nyinyi wanajumuiya mkawa mnanipitia kila mkutano. Wengine mlidhani mimi ni mvivu wa kutembea peke yangu. Hapana. Nilikuwa naogopa njia. Sasa mmejua mlikuwa mnafanya nini. Mtihani wa tatu mama alinisindikiza mpaka getini, chupa ya uji mkononi, mlinzi akamcheka kwamba analeta mtoto chekechea. Niliingia nikiwa nimelala na nimekunywa uji. Mengine sijui, nimeyaacha kule kwenye karatasi.

Namshukuru Mungu. Namshukuru Sista, leo yuko zamu, zamu ya kweli. Nawashukuru daktari wangu, baba, mama, shangazi, na nyinyi.

Na namshukuru yule mama wa Butiama. Naenda kumwona kila ninapopata nauli. Ananifundisha Kizanaki. Nakisema vibaya mno, ananicheka, na akicheka ndipo najua binti alikitoa wapi kile kicheko. Nilipomwendea mara ya kwanza nilimwambia nataka kujua neno moja tu la kuanzia. Akaniuliza lipi. Nikamwambia, nifundishe kumuuliza mtu kama amelala. Akalia, halafu akanifundisha. Sasa ninalijua.

Kama una mtoto anayesubiri majibu ya mtihani wowote, usimwamini akikujibu haraka. Majibu ya haraka sisi ndio tunaoyajua. Muulize kwa lugha uliyomlelea, halafu usiondoke, kaa.

Na mimi majibu yangu yakitoka mtayasikia tu, Kigera hakuna siri. Mkinikuta njiani msianze na kufaulu. Niulizeni kwanza kama nimelala. Akina mama wa Kijita mniulize kwa Kijita, asiyekijua amwite anayekijua. Nikichelewa kujibu, nishikeni mkono mnipeleke nyumbani.

Leo asubuhi mama ameshaniuliza. Nilimwambia nimelala. Na ni kweli, mama, nililala.